Mayai ya Perege

Sikilizeni, mliokaa na mliosimama. Haya ninayowaambia niliambiwa nikiwa mdogo kuliko huyo aliyelala mgongoni kwa mama yake, na aliyeniambia naye aliambiwa. Ni habari ya ufuo huu wetu wa Ilopa, hapa ziwa lilipokutana na milima, na ya mwanamke mmoja aliyeitwa Subilaga.

Zamani hizo ziwa halikuwa na majira. Maji yalikuwa ya vuguvugu kuanzia mwanzo wa mwaka hadi mwisho wake, na mawimbi yalikuwa madogo tu, ya kulamba mchanga na kurudi. Samaki wa kila aina walikaa karibu na nchi kavu. Mtu hakuhitaji mtumbwi wala ndoano. Alifunga nguo kiunoni, akaingia hadi magotini, akachota kwa kapu, akatoka. Mbali kule kwenye maji meusi hakuna aliyekwenda, kwa sababu hakukuwa na cha kufuata.

Perege nao hawakuwa kama mnavyowajua leo. Dume alichimba kishimo mchangani, kilichoviringana vizuri kama bakuli la mfinyanzi. Jike akataga humo, wakayalinda mayai siku chache, maji ya joto yakafanya kazi yake, watoto wakatoka wakajitegemea. Ukitembea ufuoni asubuhi jua likiwa nyuma yako, ungeona mabakuli hayo chini ya maji, moja baada ya jingine, mpaka macho yanachoka.

Subilaga alikuwa mfinyanzi, kama wanawake wengi wa ufuo huu. Mume wake aliitwa Lyambilo, mtu wa maneno machache, mwenye mabega mapana, aliyependwa na watu kwa kuwa hakupenda ugomvi. Walikaa pamoja na mama yake Lyambilo. Nyumba hiyo ilikuwa imezika watoto wawili wachanga. Wa tatu, msichana, walimwita Ambwene, na mwaka ninaousimulia ndiyo kwanza alikuwa ameanza kushika vitu kwa mikono yake na kuvipeleka kinywani.

Mwaka huo upepo uligeuka.

Ulikuja kutoka kusini, upepo huu tunaouita mwera, na siku hiyo haukuwa na jina kwa sababu hakuna aliyewahi kuuona. Kwanza miti ya mlimani ilivuma ikiwa peke yake, huku chini kimya. Halafu ziwa likainuka. Wazee walisema lilikuwa kama mtu anayejigeuza usingizini: maji ya juu yalizama, maji ya chini yakapanda, na yaliyopanda yalikuwa ya kijani iliyokolea, yenye harufu ya mahali pasipofika jua. Yaligusa miguu ya watu nao wakaruka nyuma, wakidhani wameungua. Hawakuwa na neno la baridi ya namna ile.

Ndipo samaki wakaondoka. Watu wote wa Ilopa walitoka nje kutazama, na hakuna aliyefanya kazi yoyote asubuhi hiyo. Samaki walipita mbele yao kundi baada ya kundi, wakubwa na wadogo pamoja, wawindao na wawindwao ubavu kwa ubavu, wote wameelekeza vichwa kwenye maji meusi. Uso wa ziwa ulimetameta kama uliomwagiwa nyota. Hakuna aliyekumbuka kwenda kuchukua kapu. Hata Mzee Mwalyego, aliyekuwa mkubwa wa ufuo na mgawaji wa samaki siku za sherehe, alisimama mkono mdomoni. Jua lilipofika utosini mmeto ule ulikuwa umekwisha, na maji ya pwani yalikuwa matupu.

Au karibu matupu. Majike wa perege walibaki. Mayai yalikuwa mchangani bado, nao hawakuweza kuyaacha. Kila mmoja alibaki juu ya bakuli lake, akiyapepea kwa mapezi, na baridi ikamwingia taratibu mpaka akawa mzito, hajiwezi.

Njaa ilipoanza kuuma, watu waliwaokota. Nasema waliwaokota kwa maana samaki hawa hawakukimbia. Mtu aliingiza mikono majini, akamwinua perege kama anavyoinua chungu. Na kila jike alipoondolewa, mayai yake yaligeuka meupe, na siku ya pili yalikuwa yameota ukungu. Watu waliyaona hayo. Lakini mtu mwenye watoto wanaolia hatazami sana mchanga.

Nyumbani kwa Subilaga baridi ilimtafuta mtoto kwanza. Miguu ya Ambwene iliganda na kubadilika rangi, na moto haukusaidia, kwa kuwa walikuwa hawajajifunza kulala karibu na moto bila kuungua, wala hawakuwa na nguo zaidi ya vitambaa vya magome ya mti. Asubuhi moja mama mkwe aliingia ndani akamkuta Subilaga ameinama, mguu mzima wa mtoto umo kinywani mwake.

"Unamfanya nini mjukuu wangu?"

Subilaga aliutoa mguu ule, akaufunika kwa kiganja. "Nampasha moto, mama. Mwilini mwangu hakuna mahali pengine penye joto."

Akaingiza mguu wa pili. Bibi alikaa chini akitazama, na baadaye alimweleza mwanawe habari hiyo, na Lyambilo naye akaja akasimama mlangoni akaona. Kila asubuhi ilikuwa hivyo: mguu huu, mguu ule, kisha mikono. Mtoto alitulia. Tatizo likawa maziwa. Subilaga alikuwa hali vya kutosha, na maziwa yake yalipungua mpaka mtoto akawa ananyonya na kulia hapo hapo.

Ikafika siku ambayo ufuo mzima ulikuwa umebaki na perege mmoja. Alikuwa jike mkubwa, wa rangi ya majivu, na bakuli lake lilikuwa karibu na mwamba pale kijito kinapoingia ziwani. Mzee Mwalyego aliwaambia watu kwamba kesho yake asubuhi Lyambilo atamchoma kwa chusa, apikwe mchuzi mwembamba, kila mtoto apate kikombe. Baada ya hapo, alisema, hajui.

Subilaga hakumngoja mumewe. Sitawaficha jambo hili, maana nilivyoambiwa ndivyo ninavyosema. Kulipopambazuka alichukua kapu akaenda kumvua yule samaki mwenyewe, ale peke yake, apate maziwa. Ambwene alimwacha na bibi yake.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Alipoingia, baridi ilimkata pumzi, akaendelea hadi maji yakamfika kiunoni. Jike alikuwepo. Hakukimbia. Subilaga alishusha kapu chini yake akamwinua, na alikuwa mzito kweli, mwenye nyama ya kutosha siku mbili au tatu. Samaki hakupapatika. Alijisogeza tu ndani ya kapu, akageuza kichwa, akatazama chini kwenye bakuli lake.

Subilaga naye akatazama. Mayai yalikuwa ya manjano, yamekaa pamoja kama mtama kwenye ungo. Lakini upande mmoja, pale maji ya kijito yalipopita, yalikuwa yameanza kufifia. Weupe ulikuwa unatambaa kutoka pembeni kuelekea katikati, naye akiwa anatazama.

Alisimama hivyo kwa muda, kapu mikononi. Mwisho akalishusha, samaki akaelea akarudi juu ya mayai yake, akaanza tena kuyapepea, polepole, kwa mapezi yaliyokaribia kushindwa.

Halafu Subilaga alifanya jambo ambalo mikono yake ilikuwa imelizoea kabla ya akili kulifikiri. Aliinama, akaingiza viganja mchangani, akayachota yale mayai mazima yote, akayatia kinywani mwake. Akafumba midomo. Akasimama wima.

Yule samaki alizunguka bakuli tupu mara kadhaa. Kisha akaja akakaa mbele ya tumbo la Subilaga, hakuondoka.

Ukungu ulipopanda, watu walianza kufika ufuoni. Bibi alikuja na Ambwene akilia kwenye mkono wake. Mzee Mwalyego alikuja, na Lyambilo na chusa chake, na watu wengine na vikombe vyao vya mchuzi. Walimwona Subilaga amesimama majini, midomo imekuwa ya buluu, mashavu yametuna, na kando yake kapu tupu likielea.

"Mama Ambwene," Mzee Mwalyego aliita, "una nini mdomoni?"

Subilaga alitikisa kichwa.

"Toka majini uje uniambie."

Akatikisa kichwa tena. Angefungua kinywa aseme, yote yangemwagika. Angetoka, yule samaki angebaki peke yake mbele ya chusa.

Mama mkwe aliingia majini hadi magotini akachungulia, akaliona bakuli. "Mayai hayapo," alisema. "Anayala. Amejificha kuyala peke yake, na mtoto wake analia hapa mkononi kwangu."

Watu walinung'unika. Mtu mmoja nyuma alisema ndiyo maana amekuja mapema. Na hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na Subilaga alilisikia, na machozi yakamtoka, lakini hakufungua kinywa.

Lyambilo aliingia majini. Alitembea mpaka akabakiwa na urefu wa chusa kati yake na mkewe.

"Tema," alimwambia. "Tema nione."

Subilaga akamtazama tu.

"Mke wangu, watu wote wanatutazama. Tema."

Hakutema. Ndipo Lyambilo akaona kivuli cha perege kati yao, akakumbuka alichokuja kufanya, akainua chusa. Subilaga alisogea. Alijiweka juu ya samaki yule kwa tumbo lake, na ncha ya chusa ikatua kwenye kitambaa chake, chini kidogo ya titi, ikakaa hapo.

Hakuna aliyesogea. Lyambilo alimwangalia mkewe usoni. Aliona kwamba koo lake halimezi. Aliona jinsi alivyofumba midomo, bila kuikaza, kama mtu aliyeshika kitu chepesi asichotaka kukiumiza. Uso ule alikuwa ameuona kila asubuhi kutoka mlangoni, mguu wa mtoto wake ukiwa ndani ya kinywa kile kile.

Alishusha chusa. Alikizamisha kabisa, akakiacha kiende chini.

"Hayali," aliwaambia watu bila kugeuka. "Anayapasha moto."

Kimya kilichofuata ndicho wazee walichokieleza zaidi ya yote. Walisema hata mwera ulitulia, ingawa mimi sijui kama upepo husikiliza watu. Perege alitoka chini ya tumbo la Subilaga. Alipanda taratibu hadi mgongo wake ukavunja uso wa maji, akafika chini ya kidevu chake, akafungua kinywa chake kidogo, kama mtu anayetaka kusema na hajui neno la kuanzia.

Subilaga aliinama mpaka uso wake ukaingia majini. Nywele zake zilielea. Kinywa chake kilikutana na kinywa cha samaki, na waliokuwa karibu, Lyambilo na mama yake, waliona mayai ya manjano yakipita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, moja moja, bila haraka, hata moja lisianguke mchangani. Alikaa hivyo muda ambao mtu hawezi kukaa bila pumzi. Alipoinua uso akavuta hewa, samaki hakuondoka. Alibaki pale, anangoja. Subilaga alishangaa, kisha akapitisha ulimi kinywani, akalikuta yai moja limebaki chini ya ulimi. Akainama tena akampa.

Ndipo samaki akafunga kinywa. Taya lake la chini lilikuwa limetuna kama shavu la mtoto. Akageuka, akaenda kukaa kwenye kivuli cha mwamba.

Mzee Mwalyego alichuchumaa palepale mchangani, akapiga makofi ya heshima, polepole, viganja vikiwa vimekunjwa, kama anavyosalimiwa mkubwa. Watu wengine wakachuchumaa nyuma yake. Lyambilo alimbeba mkewe kutoka majini kwa sababu miguu yake ilikuwa haimsikii tena. Bibi alivua kitambaa chake mwenyewe akamfunika, akampa mtoto wake.

Lakini hawakuwa wameshiba. Siku ile hakuna mtoto aliyepata kikombe cha mchuzi, na msinisikilize vibaya mkafikiri njaa iliisha kwa muujiza. Lyambilo alibeba vyungu vya mkewe, vingi kadiri mgongo wake ulivyoweza, akapanda navyo mlimani kwa watu wa huko ambao walikuwa hawajawahi kushuka. Alirudi na magimbi na ulezi. Wengine wakafuata njia yake. Wapo wazee wawili watatu ambao chakula kiliwakuta wamekwisha kwenda kaburini.

Aliporudi mara ya pili, Lyambilo alimwambia Mzee Mwalyego kwamba hatachukua tena samaki wa pwani wakati wa baridi. Alisema samaki wote wale waliopita mbele yao hawakuondoka duniani, wako mahali. Akaangusha mti mkubwa, akauchimba kwa shoka na moto, akautia majini. Huo ndio mtumbwi wa kwanza kutoka Ilopa. Alipiga kafi hadi nyumba zikawa ndogo nyuma yake, akafika kwenye maji meusi ambako hakuna aliyewahi kufika, akashusha kamba ndefu yenye ndoano ya mfupa. Mikono yake ilikufa ganzi. Alisema baadaye kwamba alipochungulia chini aliona giza tu, na ndani ya giza hilo, mbali sana, kitu kama pumzi kikipanda na kushuka, naye akajua ni wao, wote, wamelala huko pamoja. Alirudi na samaki wachache. Watu waliwala kwa adabu, kama wageni nyumbani kwa mtu.

Na wakati wote huo yule perege alikaa kwenye kivuli cha mwamba, kinywa kimefungwa. Watoto walikwenda kumtazama. Walimrushia makombo ya ugali, akayaacha yapite. Alikonda. Kichwa chake kikawa kikubwa kuliko mwili.

Mwera ulipoanza kulegea na maji kupata vuguvugu kidogo, Subilaga alikuwa anafua pale karibu, Ambwene amekaa mchangani. Aliona samaki anatoka kivulini, anasimama juu ya mchanga mweupe, anafungua kinywa. Kilichotoka kilionekana kwanza kama vumbi. Kisha vumbi likawa na macho. Watoto wa samaki, wembamba kama ncha za majani, walitawanyika mbele ya mama yao wakicheza kwenye mwanga. Mnandi, yule ndege mla samaki, alipita juu, kivuli chake kikaanguka majini, na wote kwa mara moja wakageuka wakarudi ndani ya kinywa kile, na kinywa kikafumba. Ndege alipokwenda, wakatoka tena. Ndipo mama yao alipoinamia mwani akala, mara ya kwanza tangu asubuhi ile.

Wanawake wenzake walimuuliza Subilaga mara nyingi ilikuwaje, mayai yale kinywani. Hakupenda kulisema. Mara moja tu, wakiwa wanachoma vyungu, alimjibu mama mkwe wake. Alisema alidhani yatakuwa baridi na kimya, kama kokoto. "Kumbe yalikuwa yanacheza, mama," alisema. "Yote."

Na tangu siku hiyo perege hayaachi mayai yake mchangani. Hutaga, akayachukua kinywani, akayabeba bila kula hata chembe mpaka yawe watoto, na watoto wakiogopa huwafungulia mlango warudi ndani. Wanaume wa ufuo huu, kipupwe kikianza, hupiga kafi kwenda maji meusi, na walionunua injini hufanya hivyo hivyo. Kwenye maji ya miambani hawatupi nyavu. Akinaswa jike mwenye kidevu kilichotuna, aliyemnasa humrudisha majini taratibu, akamwacha aende. Na mwanamke akisimama ziwani asubuhi ya baridi, haitwi na mtu wala haulizwi kitu, hata na mume wake. Mnakaa mchangani mnamngoja, mpaka atoke mwenyewe, na yeye ndiye atakayeanza kusalimia.